Asilimia Tunazo, Hojaji Ziko Wapi?

Wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, kampuni ya kupima maoni ya Infotrak ilimpa Raila Odinga asilimia 49 na William Ruto 42. Ipsos, kampuni nyingine, ikasema 47 kwa 41. Kura zilipohesabiwa, Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Tangu hapo, ukitaka kuwachekesha watu kwenye kibanda cha chai hapa Nairobi, wataje wapimaji wa maoni. Wapo pia wasiocheka. Hao wanaamini kampuni zililipwa, takwimu zikapikwa ofisini, na hakuna aliyeulizwa swali lolote, kwa sababu “mimi sijawahi kuulizwa, na jirani yangu hajawahi kuulizwa.”

Hoja ya jirani ni nyepesi. Tuseme wamehojiwa watu 2,000: kati ya wapiga kura milioni 22 na ushei, huyo ni mmoja katika kila 11,000. Mtu anaweza kuzeeka Kayole bila kugongewa mlango na mhoji hata siku moja. Lakini shaka iliyo nyuma ya hoja hiyo ni nzito, na haiondoki, kwa sababu kilichotufikia sisi wananchi ni asilimia tu. Kazi yenyewe iliyozaa asilimia hizo imebaki mikononi mwa kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua iishi au itupwe pamoja na kompyuta kuukuu.

Ninachokitaka ni hiki: nyaraka za wapimaji wa maoni ya kisiasa ziwekwe katika hifadhi ya utafiti hapa Nairobi, kwa mkataba, zikiwa na tarehe inayojulikana ya kufunguliwa. Nimesema nyaraka, sikusema matokeo. Matokeo tunayo, na yametusaidia kugombana tu.

Ukifungua sanduku la kazi moja ya kupima maoni, matokeo ndiyo karatasi yenye faida ndogo zaidi, maana yalishasomwa redioni. Chini yake kuna barua ya mteja, ikieleza anachotaka kujua na, ukiisoma kwa makini, anachotaka kuambiwa. Kuna rasimu za maswali, ya kwanza mpaka ya mwisho, na mkato wa kalamu pale swali moja lilipoondolewa au jina la mgombea lilipopandishwa juu ya orodha. Kuna orodha ya maeneo ya kuhesabia watu ya Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, ambayo hutumika kuchagulia vijiji na mitaa. Kuna taarifa ya msimamizi kwamba eneo fulani halikufikika, mto ulikuwa umefurika au kulikuwa na wizi wa mifugo usiku wa jana, kwa hiyo timu ikapelekwa kwingine. Huko kwingine ni wapi, na kulifanana na kule kulikoachwa? Asilimia haikuambii.

Halafu kuna karatasi ninayoithamini kuliko zote, ile ya ziara. Hapo mhoji huandika milango aliyogonga, nyumba alizokuta na kufuli, waliokataa, waliokubali wakaacha katikati, na walioitwa na bwana wa nyumba kabla ya swali la tatu. Kile kiwango cha makosa kinachotajwa katika taarifa, tuseme asilimia 2.2 kwa watu 2,000, ni hesabu ya bahati ya sampuli peke yake. Ni moja kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2,000, basi. Hakisemi lolote kuhusu mlango uliokataa kufunguka. Na katika siasa zetu, mlango uliokataa kufunguka una chama.

Chukua 2022 tena. Kuna maelezo mawili yanayogongana kuhusu kilichozifanya kura nyingi za maoni zimweke Raila mbele. La kwanza linasema baadhi ya wafuasi wa Ruto, hasa eneo la Mlima Kenya nyumbani kwa rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, aliyemuunga mkono Raila, hawakutaka kumwambia mgeni mwenye kishikwambi wanakoelekea. La pili linasema watu walisema kweli, ila wengine hawakujitokeza: idadi ya waliopiga kura ilishuka hadi karibu asilimia 65, wakati Agosti 2017 ilikaribia 80, na mpimaji aliyehesabu kila aliyejiandikisha kuwa mpiga kura alijidanganya mwenyewe. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. La kwanza lingeonekana kwenye karatasi za ziara: waliokataa walikuwa wengi wapi, walikataa mhoji yupi, walihojiwa mbele ya nani. La pili lingeonekana ukilinganisha maeneo yaliyohojiwa na idadi ya waliopiga kura huko huko. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeweza kulimaliza jambo hili kwa muhula mmoja akipewa data ghafi na kitabu cha misimbo, kinachoeleza kila tarakimu ina maana gani. Bila hivyo ataandika tasnifu ya dhana, na sisi waandishi wa makala tutaendelea kuandika dhana bila hata tasnifu.

Wanaodhani naota wautazame mradi wa Afrobarometer, ulioanza mwaka 1999 na ambao hapa Kenya umefanya kazi na Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Data yake inapakuliwa bure na yeyote mwenye intaneti. Si majibu tu: kuna namba ya mhoji, lugha ya mahojiano, na maoni ya mhoji kuhusu kama kuna watu walikuwa wakisikiliza. Mwisho wa hojaji mhojiwa huulizwa anadhani ni nani aliyewatuma hawa watu, na kote barani wengi hujibu kwamba ni serikali. Fikiria maana yake: mtu amekaa saa nzima akijibu maswali kuhusu rais huku akiamini ni rais anayeuliza. Kwa sababu mambo hayo yalihifadhiwa, watafiti waliweza baadaye kuonyesha kwamba majibu ya Waafrika wengi hubadilika mhoji akiwa wa kabila lao au la kabila jingine. Hakuna aliyewatuma kutafuta hilo. Walilikuta limelala ndani ya safu ambazo mtu mwingine alikuwa amezihifadhi bila kujua zitatumika vipi.

Afrobarometer lakini ni kazi ya wasomi, na wasomi hulipwa kuchapisha. Wanaopima kwa ajili ya vyama na wagombea wako katika ulimwengu mwingine. Humo ndimo siasa yetu inamopikwa, na humo karatasi hazibaki.

Mfano wa Desemba 2007 unauma zaidi. Siku ya uchaguzi, wahoji wa kampuni ya Strategic waliwauliza watu waliokuwa wakitoka vituoni wamempigia nani. Kazi hiyo iliagizwa na International Republican Institute ya Marekani, kwa fedha za serikali ya Marekani, na washauri wake walikuwa wasomi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Matokeo yalimweka Raila mbele ya Mwai Kibaki kwa takriban pointi sita. Hayakutolewa. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Kibaki kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993, nchi ikawaka, watu zaidi ya 1,100 wakafa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Taasisi ile ilisema ilikuwa na shaka na ubora wa data. Washauri wake wakasema data ilikuwa sawa. Ilipofika Agosti 2008, baada ya mapitio, matokeo yakatolewa, wakati serikali ya mseto ilikuwa na miezi kadhaa na Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule, ilikuwa ikikaribia kusema kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Sitaki kusema kwamba kura ile ya maoni ndiyo iliyokuwa ukweli. Haikuwa kura, na hakuna sheria inayompa urais mtu aliyeshinda kwenye hojaji. Wala sina hakika kama kuitoa usiku ule kungezima moto au kuuchochea. Ningekuwa mimi niliyeishika, huenda ningeikalia. Hoja yangu ni ya baadaye. Mabishano kati ya mwajiri na washauri wake yalihusu jambo linalokaguliwa kwa karatasi: hojaji zilijazwaje, data iliingizwaje, maeneo yalichaguliwaje. Hilo halikupaswa kuamuliwa kwa taarifa za magazetini kutoka Washington. Kama hojaji zile na data yake zingekuwa zimekabidhiwa siku hiyo hiyo kwa mhifadhi asiye na upande, zikafungwa kwa muda maalumu, mjadala wa leo kuhusu 2007 ungekuwa na kitu cha kushika.

Upande wa pili kuna majigambo. Machi 2018, kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha video za siri ambamo mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni kwa kutumia data, alijisifu kwamba kampuni yake ilikibadilishia sura chama kizima hapa Kenya mara mbili, ikaandika ilani, na kufanya tafiti mbili za watu 50,000 kila moja. Awali kampuni hiyo ilikuwa imetangaza kwamba kwa ajili ya kampeni ya 2013 ilihoji watu 47,000. Jubilee ilikubali kwamba kampuni mwenza, SCL, iliajiriwa kwa kazi ya chapa. Miezi miwili baadaye Cambridge Analytica ikafunga milango.

Watu 47,000! Hiyo ni zaidi ya mara 20 ya sampuli ya kawaida. Mhoji mzuri hufanya mahojiano machache kwa siku, kwa hiyo kazi ya ukubwa huo ingehitaji jeshi la vijana, usafiri, posho, na milima ya hojaji. Ama ilifanyika, na kuna picha ya nia na hofu za Wakenya ya mwaka 2013 ambayo haijawahi kuwa na mfano, au haikufanyika kwa ukubwa huo, na tulitishwa na maneno ya mchuuzi aliyekuwa akisaka mteja mwingine. Miaka yote hii tumezungumza juu ya “jinsi Wazungu walivyotuchezea akili” bila kujua kama kulikuwa na mchezo. Sanduku moja la karatasi lingepunguza mengi. Mimi nashuku lingempunguza zaidi yule mchuuzi.

Kuhusu kama data kuukuu ina faida, jibu lilishatolewa Marekani, na si kwa nadharia. Kituo cha Roper kilianzishwa mwaka 1947 na mpimaji maoni Elmo Roper, na sasa kiko Chuo Kikuu cha Cornell. Kilianza kwa kupokea kadi za matundu, zile ambazo kompyuta za zamani zilisomea. Kura za maoni za huko za miaka ya 1936 hadi 1945 zilikuwa na kasoro kubwa: wahoji walipewa idadi ya watu wa kutafuta, wakachagua waliowarahisishia kazi, na hivyo wanawake, maskini na Waamerika weusi wa majimbo ya Kusini wakaachwa nje kwa wingi. Kwa miongo mingi wanasayansi wa siasa waliziona hazifai. Kisha akina Adam Berinsky wa MIT na Eric Schickler wa Berkeley wakazichukua data zile zile mbovu, wakazisafisha, wakaziwekea uzani mpya, yaani walioachwa nje wakapewa uzito zaidi, na zikaanza kusema jinsi Wamarekani walivyoiwazia vita na sera za Roosevelt. Kosa la mpimaji lilirekebishwa karne iliyofuata, mpimaji mwenyewe akiwa kaburini. Lingerekebishwa vipi kama kilichobaki kingekuwa kichwa cha habari?

Wapo pia waliohifadhi upande wa siri wa kazi hii. Robert Teeter alipima maoni kwa ajili ya kampeni ya Gerald Ford ya 1976. Karatasi zake ziko katika Maktaba ya Gerald Ford, Ann Arbor, na mtafiti anaweza kusoma alichomwambia rais wake kuhusu udhaifu wa rais huyo huyo. Hapo ndipo nyaraka za mpimaji huzidi za mwanasiasa. Mwanasiasa huandika kumbukumbu zake akiwa ameshajua mwisho wa hadithi, lakini mpimaji huandika Jumanne kabla ya Jumatano kujulikana. Memo inayosema “tunapoteza vijana wa mijini, acha kutaja ardhi” haina muda wa kujipamba.

Hapa kwetu tulianza mapema kuliko tunavyokumbuka. Nairobi ya mwanzo wa miaka ya 1960 ilikuwa na kampuni ya Marco Surveys, iliyopima maoni ya watu wa Afrika Mashariki wakati bendera zikibadilishwa. Leo unakutana nayo kwenye tanbihi za vitabu vya wasomi. Baadaye ikaja serikali ya chama kimoja, ambamo kumuuliza mtu anamwonaje rais lilikuwa swali la polisi, na mwaka 1988 wapiga kura wakapangwa mlolongo hadharani nyuma ya wagombea. Vyama vingi viliporudi, upimaji ukarudi taratibu, ukawa biashara, na biashara huuzwa. Steadman, jina ambalo Wakenya wa 2007 walilitumia kumaanisha kura yoyote ya maoni, likawa Synovate. Mwaka 2011 Ipsos ya Ufaransa ikainunua Synovate dunia nzima. Ofisi huhamishwa, seva hubadilishwa, na aliyejua neno la siri la faili za mwaka fulani huwa ameshaajiriwa kwingine. Hapahitajiki mtu mbaya ili kumbukumbu ipotee. Inatosha kodi ya ofisi kupanda.

Sasa hatari, na nisingependa kuipita juu juu kwa sababu ni ya kwetu hasa. Hojaji ya siasa Kenya humuuliza mtu kabila lake, dini yake, na atakayempigia kura. Juu ya karatasi mara nyingi kuna jina na namba ya simu, ili msimamizi aweze kupiga kuhakikisha kwamba mahojiano yalifanyika kweli. Unganisha hayo na jina la kijiji, kisha kumbuka Januari 2008 ilivyokuwa kwa familia zilizojulikana zimepiga kura vingine katika vijiji vya wengine. Orodha ya aina hiyo, ikiwa mikononi mwa mtu mbaya, ni silaha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka asili ya kikabila na imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na ndivyo ipasavyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali kuliko wa wahifadhi wengi ninaowajua, ambao hawapendi kuona kiberiti karibu na karatasi: majina na namba za simu ziteketezwe. Zisifungwe kabatini, zisifichwe kwa nywila. Ziteketezwe mara ukaguzi ukiisha, na cheti cha kuteketezwa kiwe karatasi ya kwanza ndani ya sanduku. Kijiji kiondolewe, libaki eneo bunge, na pale eneo bunge lina wahojiwa wachache wa kabila fulani kiasi cha kutambulika, ibaki kaunti. Tutapoteza kitu, ndiyo. Mtafiti wa 2060 atatulaani kidogo. Lakini yule bibi wa Burnt Forest au wa Mathare aliyemfungulia mhoji mlango hakukubali kuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Baada ya kusafishwa hivyo, sheria hiyo hiyo ya 2019 inaacha nafasi kwa matumizi ya kihistoria, kitakwimu na kiutafiti. Wakili anayeitumia kama kisingizio cha kutohifadhi chochote hajaisoma mpaka mwisho.

Siri ya mteja ni pingamizi dogo kuliko linavyosikika. Mgombea ana haki ya kulipia ushauri bila mpinzani kuuona, lakini haki hiyo huchuja na miaka. Ningependekeza miaka 15, na sikuitoa hewani: mgombea akishinda anaweza kukaa vipindi viwili, yaani miaka 10, na uchaguzi mmoja zaidi upite ili hata mrithi aliyemteua asiumizwe na memo ya zamani. Serikali yenyewe hufunga mafaili yake kwa miaka 30 ndipo iyapeleke kwa wasomaji. Chama cha siasa hakina siri nzito kuliko za serikali.

Ziwekwe wapi? Jawabu la haraka ni Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, jengo lililokuwa la benki, ambalo wengi tunalijua kwa ngazi zake za kungojeana kuliko kwa chumba chake cha kusomea. Chumba kipo, na watu wake wanaijua kazi. Lakini mtu binafsi anayefikiria kuikabidhi serikali karatasi zake hufikiria pia habari ya Joseph Murumbi. Makamu huyo wa pili wa rais alikusanya maelfu kwa maelfu ya vitabu na nyaraka, akakataa wanunuzi wa ng’ambo, akaiuzia serikali yake kwa bei ya chini kwa makubaliano kwamba nyumba yake ya Muthaiga ingekuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Vitabu vilifika Moi Avenue. Taasisi haikuwa, na nyumba ikabomolewa. Mpimaji aliyewahi kumfanyia kazi mpinzani wa serikali ana sababu ya ziada ya kusita, kwani anayemkabidhi funguo leo anaweza kuwa ndiye aliyetajwa kwenye memo.

Ng’ambo napo nimepachoka. Mtafiti wa Kisii anayetaka kusoma nyaraka za utawala wa kikoloni wa wilaya yake anaweza kuambiwa kuna mikrofilamu nzuri Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Mafaili ambayo Waingereza waliyaondoa Kenya kabla ya uhuru yalijulikana wazi yalipo mwaka 2011 tu, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyatoa Hanslope Park, ghala la siri la serikali ya Uingereza, na fidia ikaja 2013, wengi wakiwa wameshakufa. Wenye nyaraka zetu huzitunza vizuri sana. Tatizo ni nauli na viza.

Mimi ningeziweka chuo kikuu, kwa mkataba wa watatu: mpimaji, chuo, na KNBS, ambayo tayari inaendesha hifadhi ya data za tafiti za taifa na inajua kuficha utambulisho wa wahojiwa. Karatasi zikae chuoni, data isiyo na majina ikae KNBS, na nakala moja iende nje ya nchi kwa ajili ya moto na mafuriko. Data ihifadhiwe kwa muundo usiohitaji programu ya kununua, maana faili la SPSS, programu ya takwimu, la miaka 20 iliyopita lisilo na kitabu cha misimbo ni safu za tarakimu tu: 1, 2, 2, 9, 1. Tisa ni “sijui” au “nakataa kujibu”? Katika siasa ya Kenya tofauti ya hayo mawili yaweza kuwa serikali nzima.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Tunayo ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Inataka umma uambiwe nani alidhamini, nani alihoji, lini, watu wangapi, na inakataza kuchapisha ndani ya siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Ni sheria nzuri ya wiki chache. Macho yake yako kwenye ukurasa wa gazeti, na kura ya maoni ambayo mgombea ameinunua akaifungia ndani haimo machoni mwake. Bunge lingeweza kuongeza sharti la kuhifadhi, lakini wabunge ndio wateja wa kura hizo za ndani, na sitawasubiri.

Njia fupi ni mikataba. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Vyombo vya habari, mabalozi na mashirika yanayolipia kura za maoni wanaweza kuweka kifungu kimoja katika kila kazi: hojaji, karatasi za ziara zisizo na majina, data ghafi na rasimu za maswali zitakabidhiwa kwa hifadhi iliyotajwa ndani ya siku 90 baada ya kutangazwa matokeo ya uchaguzi, na gharama ya kuzipokea itakuwa sehemu ya bei. Kwa kazi ya mteja binafsi, kifungu kile kile na miaka 15 ya kufungwa. Kampuni isiyotaka kutia saini ina haki yake ya kukataa. Mhariri naye ana haki ya kutozisoma asilimia zake kwenye taarifa ya saa moja jioni.